Kisanduku cha Ng'ambo ya Mto

Fomu yangu ya utafiti wa chanjo za watoto niliiona nzuri mno. Maswali yalipangika, visanduku vya kuweka alama ya vema vilikaa mstari mmoja, na mimi mtungaji nilitembea Vwawa kichwa kimevimba. Nikaenda kuijaribu Isongole, mpakani, ambako Malawi iko ng'ambo ya mto.

Mama wa kwanza alikuwa akipukuchua mahindi na mama mkwe wake. Nilipoomba kadi ya kliniki ya mtoto, alitoa kijitabu cha kliniki ya Malawi kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Chanjo zote zimo, na mihuri. Lakini swali langu lilisema "kadi ya kliniki ya Tanzania", na majibu yalikuwa mawili tu: "Anayo" na "Hana". Nikaweka vema kwenye "Hana", na fomu ikanipeleka moja kwa moja kwenye "Hajachanjwa". Kumbe mama alikuwa anachungulia nyuma ya bega langu na kusoma.

"Hajachanjwa? Daktari, kliniki ya ng'ambo ndiyo ya karibu. Nimevuka mto na huyu mgongoni kila tarehe niliyopangiwa!"

Mimi si daktari, ila sikuwa na uso wa kumsahihisha. Mama mkwe aliguna. "Nilisema mimi. Huyu akivuka anakwenda kutembea tu."

Yule mama akainamia mahindi yake. Niliona haya, kisha nikajikasirikia njia nzima hadi Vwawa.

Mkuu wetu wa utafiti alinisikiliza nusu. "Fomu imeshapitishwa na kamati. Hayo andika pembeni."

"Ya pembeni hayahesabiwi, bosi!" Hasira zangu haziko mbali. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaa hapa. Wewe ndiye mama wa Isongole, na daftari hili ndicho kijitabu chako cha Malawi."

Akakaa, akicheka. Nikamhoji swali kwa swali. Tulipofika kwenye kadi akainua daftari: "Ninayo, hii hapa." Nikamsomea majibu mawili, nikaweka vema kwenye "Hana", kisha kwenye "Hajachanjwa". Kicheko kikakatika.

"Lakini mtoto wangu amechanjwa!" akasema kwa ukali, utadhani anaye kweli.

Nikajua nimeshinda. Barua ya kuomba mabadiliko tuliiandika mchana uleule, naye akatia sahihi. Kamati ilipokubali, nilipiga kofi la furaha mezani hadi chai ikamwagika.

Nilirudi Isongole na kisanduku kipya: "Kadi ya nchi jirani." Sikukijaza mimi. Nilimpa yule mama kalamu, akaweka vema kubwa iliyovuka mistari, akashuka hadi "Amekamilisha chanjo", akaweka nyingine.

"Mama," akamwita mkwewe, "acha mahindi kwanza. Njoo uone."

Mama mkwe akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Akaitazama karatasi, akakitazama kijitabu, mhuri kwa mhuri.

"Kumbe ulikuwa unakwenda kliniki," akasema. "Haya, nipe mtoto. Wewe kaa upumzike."