Mkono wa Baba Chini ya Visu

Juzi, kwenye vyuma chakavu pale Mbezi Luis, niliona trekta dogo la kukatia majani, na hasira zikanipanda upya.

Baba alikuwa mtunza bustani wa bosi mmoja Kinondoni. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alikuwa amelala kwenye nyasi zinazonuka petroli, mkono chini ya trekta, akisawazisha visu vilivyokuwa vinakata upande. Mie nilimshikia spana.

Bosi akatoka na funguo. "Bado tu? Wageni wanafika!"

"Bado bosi, mkono wangu uko ndani."

Bosi akapanda, akawasha. Visu vilinguruma. Baba alichomoa mkono, kipande cha shati kikabaki humo. Akamkaba bosi kola. "Ungenikata mkono mbele ya mwanangu!"

Sikuwahi kusikia mtu akimfokea bosi. Nilidhani baba amekosa adabu, nikapiga magoti. "Shikamoo bosi. Msamehe baba."

Bosi akanipapasa kichwa. "Mtoto ana adabu kukushinda. Ondoka kwangu, usirudi."

Njiani baba alisema neno moja tu: "Usiniombee tena msamaha kwa kosa la mtu mwingine."

Kiganja kile cha bosi bado nakihisi kichwani. Laiti ningekiuma.