Enzi za Kupiga Windo kwa Disketi

Wenzangu mliowahi kukaa mbele ya kompyuta mkisikiliza disketi inavyokoroma, nyie ndio nawaandikia. Vijana wetu waacheni kwanza. Wao simu ikizunguka dakika moja wanavuta midomo kama wamenyimwa chakula.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, kwetu Sengerema. Nikavushwa na kivuko kuja Mwanza kwa mjomba Kulwa, aliyekuwa na nyumba Kiseke na ofisi ndogo ya uchapaji mjini. Alimwambia mama, nami nasikia kwa masikio yangu, kwamba nimsaidie mwaka mmoja tu, mwakani ananipeleka sekondari. Basi mwaka ule niliuishi kama naota. Asubuhi upepo wa ziwa unanisukuma mgongoni, naona wasichana wa sketi za bluu wanapanda kilima, najiweka katikati yao.

Kompyuta ilikuwa moja, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Umeme ukikatika vibaya, na ulikuwa unakatika vibaya kila mara, inasahau kila kitu. Hapo mjomba anasema, "Kabula, lete boksi la disketi tupige windo." Siku moja mama alikuja kutusalimia akasikia hivyo, akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, hapa mjini mnawinda nini? Nikamwambia si wanyama mama, ni Windows, akili ya kompyuta, tunairudisha ndani. Nadhani angesikia ni wanyama angelala vizuri zaidi.

Disketi zilikuwa kumi na tatu. Kizungu sikukijua, lakini namba nilizijua. Kioo kikiandika namba, natoa moja, natumbukiza nyingine. Mjomba alinifundisha nizishike pembeni, nisiguse lile bati lake, na zaidi ya yote nisiziweke karibu na redio, maana sumaku ya spika inafuta kila kilichomo. Ilikuwa kazi ya mchana mzima. Muda wa disketi moja ulitosha kutafuna tobolwa zima, kile kiazi kitamu kilichochemshwa kikaanikwa kikawa kama raba. Ya nne ilikuwa mvivu kuliko zote. Krr, krr, halafu kimya, halafu krr. Jua linaingia dirishani, harufu ya sato wa kukaanga inapanda kutoka kwa mama ntilie wa chini, na mimi niko macho lakini sipo. Wateja nao wanasubiri kwenye benchi kwa heshima, wananong'onezana kama wako kwa mgonjwa: imefika ya ngapi? Wengine waliniita fundi. Mtu mzima, ananiita mimi fundi.

Sasa nitamtaja kwa jina, maana nimenyamaza sana. Shija, mtoto wa mjomba, alikuwa anasoma kidato cha tatu. Siku moja umeme ulikuwa umetuvuruga tena, na mitihani ya shule nzima ilikuwa inasubiri kuchapwa. Mimi niko kwenye ya tano. Shija akaingia na redio yake kubwa kutafuta mpira, hapakuwa na nafasi mezani, akasogeza boksi ili aiweke, akachukua disketi ya saba iliyokuwa juu ya boksi akailaza juu ya spika, kama mtu anavyoweka kikombe. Nilikuwa nimeinama kwenye mashine. Nilipogeuka imeshalala pale. Nikaipangusa kwa gauni langu, na zamu yake ilipofika nikaitumbukiza huku naomba Mungu. Ikakoroma, ikakoroma, kioo kikaandika maneno mengi ambayo hata bila Kizungu niliyaelewa.

Mjomba alipoingia, disketi ilikuwa mkononi mwangu. Nikamweleza kila kitu. Shija akasema yeye hakugusa, labda nilikuwa na mafuta ya chakula vidoleni. Mjomba hakufoka. Alisema tu, "Shija anasoma, anajua. Wewe unakwenda kwa kukisia namba." Kazi ya mitihani ikaenda ofisi nyingine, na kivuko cha asubuhi kikanirudisha Sengerema na kifurushi changu. Mambo ya sekondari hakuyataja tena. Mke wake, mama Shija, alikuwa ametuletea chakula ofisini siku ile, aliiona redio pale mezani, na yeye namtaja, alinifungia viazi vya njiani akanyamaza.

Mwaka jana tulimzika mjomba. Nilikuwa nagawa chai. Shija, sasa ana kitambi na watu wanamwita mwalimu wa kompyuta, akanishika mkono mbele ya watu akicheka. "Dada Kabula, unakumbuka ile disketi niliyoiweka kwenye spika? Utoto bwana." Watu wakacheka naye. Nikamwambia, "Nakumbuka, kaka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano." Nikamjazia kikombe, nikasogea kwa anayefuata.

Binti yangu ana kompyuta ndogo ya kukunja, anasoma chuo. Inapiga windo yenyewe yeye akiwa amelala, hajui hata ilianza saa ngapi. Kitu kikiharibika anakishusha tena kutoka hewani, kipya kabisa, na hakuna anayeulizwa nani kakiharibu. Namwonea raha, sisemi uongo. Yetu ilikuwa moja moja. Ikifa, imekufa, na aliyekutwa nayo mkononi ndiye aliyeiua.