Viti vya Chaki

Kundi la maigizo la parokia yetu hapa Kalemie liliponiomba niwatengenezee dekoro, yaani mandhari ya jukwaa, kwa mchezo wao mpya, mke wangu alikuwa amezikwa miezi michache tu, na sebule yangu ilikuwa bado tupu. Nilikubali bila kufikiri. Kipindi kile nilikuwa nakubali kila kitu. Mtu akiniambia twende, nakwenda. Akiniambia kula, nakula. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa, tofauti ni kwamba mkono ukiutikisa unaamka.

Kwetu mtu akifa, vyombo vya sebuleni hutolewa ili watu wa kilio wapate pa kukaa na kulala. Wanawake walikuja na mikeka yao, na wanaume wakabeba viti vyetu vinne vya fotei, meza na kabati la vyombo mpaka kwa jirani mwenye depo ya kuhifadhia mahindi. Matanga yakaisha, mikeka ya watu ikarudi kwao, sisi tukabaki na mkeka wetu mmoja. Jirani alinikumbusha viti vyangu kwa adabu, tena na tena, nami nilimjibu kesho. Watoto wangu wawili, binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume, walikula chini na kuandika kazi za shule chini. Sikuona ubaya. Kusema kweli sikuona chochote.

Aliyeona ni dada yangu mkubwa, anayeishi Nyunzu. Kabla ya kurudi kwake baada ya matanga aliniita nyuma ya jiko na kuniambia polepole, kwa sauti anayoitumia akiwa amekwisha kuamua.

"Nyumba ya kulia chini ingali nyumba ya kilio, ndugu yangu. Mutoto hawezi kukulia mu kilio. Nikirudi nikikuta saloni ya nyumba iko tupu vile, watoto nitawachukua."

Nilimwambia ni sawa, kama mtu aliyeulizwa kama aongezwe mboga. Akaenda zake kungoja treni.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, maana kazi naijua, na wakati ule ndiyo pekee niliyokuwa nikiielewa. Ninafundisha kuchora shuleni. Mwongozaji wa kundi ni mwanamke mfupi wa ofisi ya bandari, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa, na kwa maoni yake dekoro ni maua ya plastiki na pazia jekundu. Mchezo wao ulikuwa wa kuchekesha: baba mmoja mkaidi anakataa kila mchumba anayekuja kumposa binti yake, mpaka binti anachoka na kumtafutia baba mwenyewe mchumba. Yote yanatokea sebuleni. Nilimwambia kwamba maua ya plastiki hayatahitajika, akanuna, kisha akaanza kuniita Papa Dekoro mbele ya watu ili kunilipizia.

Nilianza na katoni ya sabuni. Nilikata upande mmoja, ule wa watazamaji, nikabaki na kuta tatu, nikatoboa mlango na dirisha. Ukiwa na kuta tatu mkononi unaweza kuzigeuza na kuona kama mtu wa kiti cha mwisho ukumbini ataona mlango ukifunguka. Kisha nikaunda fremu za mbao, nikashona magunia kwa uzi wa nyavu, nikayavuta juu ya fremu na kuyapaka uji wa unga wa muhogo uliochanganywa na chokaa. Uji ule ukikauka gunia linakaza kama ngozi ya ngoma na linapokea rangi vizuri. Ukiweka uji mwingi linapasuka. Ukiweka kidogo rangi inazama na mashimo yanaonekana, na ukuta unakuwa tena gunia. Nilikuwa mkali sana juu ya uji. Vijana wa kundi walinong'ona nyuma ya mgongo wangu kwamba naulinda kuliko mtu anavyolinda pombe ya harusi.

Rangi niliipaka kama tunavyopaka nyumba zetu: juu chokaa, chini rangi ya mafuta ili mikono isichafue ukuta. Nyumbani nilikuwa na kopo la kijani lililobaki nusu. Kijani hicho mke wangu ndiye aliyekichagua kwa ajili ya sebule yetu, tena tulibishana, maana mimi nilitaka kahawia. Nikakitumia kwenye magunia. Nilijiambia ni kwa sababu kipo, na kwamba rangi ikikaa sana kwenye kopo inaganda.

Kisha ikaja shida ya chaki. Waigizaji wanahitaji kujua kiti kiko wapi kabla kiti hakijafika jukwaani, la sivyo siku ya onyesho wanagongana magoti. Kwa hiyo unachora chini, kwa chaki, umbo la kila kitu: hapa meza, hapa fotei, hapa mlango. Lakini ukumbi wa parokia ulikuwa na kwaya karibu kila siku, na kwaya hazina huruma na chaki ya mtu. Sebule yangu ilikuwa na sakafu ya saruji, haina kitu, na upana wake ulikaribiana na wa jukwaa. Nikachora humo.

Nilikuwa nimepiga magoti nikichora meza pale binti yangu alipotoka shuleni. Alisimama mlangoni na mfuko wake mgongoni, akaangalia.

"Papa, meza haikuwa hapo," akasema. "Ilikuwa karibu na ukuta, ukipita unaigonga."

Nilitaka kumweleza kwamba hii ni meza ya mchezo. Badala yake nilifuta na kuichora alipoonyesha. Akaniambia fotei ya mlangoni ilikuwa imegeuka kidogo, nikaigeuza. Kabati likasogea. Alizunguka chumba kizima akinisahihisha kama mwalimu mkuu, na mimi nikamfuata kwa magoti. Tulipomaliza aliuliza, "Na kiti ya Mama?"

Kiti cha mke wangu kilikuwa cha chini, cha mbao, kilichosukwa kwa kamba. Kilikaa chini ya dirisha, hapo alipopenda kuchambua ndagala, wale dagaa wadogo, huku akiangalia ziwa. Watu wa kwao walikichukua pamoja na nguo zake siku ya kugawa vitu, kama desturi inavyotaka. Katika mchezo hapakuwa na mama wala kiti cha namna hiyo. Nikakichora chini ya dirisha, duara dogo tu. Binti yangu akaitikia kwa kichwa, akaenda kuvua sare.

Tangu siku hiyo watoto waliishi ndani ya chaki. Mdogo wake alikuwa akichukua sahani yake na kukaa ndani ya fotei ya chaki, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Hakuna aliyekanyaga meza. Ukitoka chumbani kwenda nje unazunguka meza, na mimi pia nilizunguka. Katika duara la dirishani hakukaa mtu. Sikuwakataza. Niliwaangalia na nikawaza kwamba njia ya kupita kati ya meza na fotei ni nyembamba mno kwa mwigizaji wa baba, ambaye ana tumbo.

Waigizaji wakaja kufanya mazoezi kwangu mara kadhaa, alasiri. Nyumba ilijaa kelele na vicheko. Mwongozaji aliuliza duara la dirishani ni la nini, nikamwambia si la mchezo, akapiga kelele kwa wenzake kwamba hapo wasipite. Hakuniuliza zaidi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kisha akauliza watapata wapi viti vya kweli. Nikasema ninavyo. Siku hiyohiyo vijana walikwenda na mkokoteni kwenye depo ya jirani, wakavipakia, wakavipeleka moja kwa moja ukumbini.

Kalemie si mji wa kuficha kitu. Habari zilifika Nyunzu kabla rangi haijakauka, na dada yangu akapiga simu. Hakugomba. Aliuliza kama ni kweli kwamba viti vyangu nimewapa watu wa maigizo huku watoto wakikaa chini. Nilisema ni kweli. Aliuliza kama ni kweli pia kwamba watu wanachekea ndani ya nyumba ile. Nilisema ni kweli. Basi, akasema, mchezo ukiisha nakuja, watoto wawe na mifuko tayari. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na alisikia kila neno, kwa sababu dada yangu naye ana sauti. Alikwenda chumbani. Baadaye nilimkuta akikunja nguo za mdogo wake, vizuri, mikono ndani, kama mama yake alivyokuwa akikunja. Ningepaswa kuumia. Nilisimama pale nikingoja kuumia, na hakuna kilichokuja.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilikaa nyuma kabisa na watoto wangu, ili nione kama mlango unaonekana. Unaonekana. Pazia lilipovutwa, mama mmoja wa mtaa wetu aliyekaa mbele yangu aliweka mkono mdomoni, akageuka kunitafuta kwa macho. Ndipo nilipotazama vizuri nilichotengeneza. Kijani, fotei ya mlangoni iliyogeuka kidogo, vitambaa vya kufuma mgongoni mwa viti, meza ambayo ukipita unaigonga. Baba mwenye tumbo aliigonga kweli, na watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Binti yangu alicheka pia. Mimi niliangalia mshono mmoja wa gunia uliokuwa umeanza kufunguka karibu na dirisha, na nikabaki na mshono huo mpaka watu walipopiga makofi.

Ukumbi ulikuwa na harusi siku iliyofuata, kwa hiyo asubuhi kila kitu kilipaswa kuondoka. Fremu tuliziegemeza nyuma ya sakristia. Viti nilitaka virudi kwa jirani, lakini depo yake ilikuwa imejaa magunia ya mahindi mapya, alinifungulia mlango nijionee mwenyewe. Vijana walisimama na mkokoteni juani wakiningoja niseme. Hapakuwa na pengine pa kuvipeleka. Nawaambia hivi ili mtu asinisifu: sikuamua kurudisha viti nyumbani. Vilikosa pa kwenda.

Hatukuhangaika kuvipanga. Kila kimoja kiliwekwa juu ya mistari yake, na chaki ikapotea chini yake. Meza ikakaa juu ya meza, kabati juu ya kabati. Mdogo aliruka juu ya fotei yake na kukataa kushuka. Vijana walipoondoka nilichukua kitambaa chenye maji, maana kanuni ya kazi ni kwamba vitu vikishafika chaki inafutwa. Kilichobaki kuonekana sakafuni ni duara la dirishani tu. Nilipiga magoti mbele yake na kitambaa mkononi, maji yakidondoka. Halafu nikainuka, nikaenda kukianika kitambaa.

Dada yangu alifika alasiri. Mifuko miwili ya watoto ilikuwa mlangoni, imefungwa, na binti yangu amekaa kando yake na viatu vya kanisani. Dada aliingia, akasimama katikati ya sebule. Aliangalia fotei moja moja, akapitisha kidole mezani kuona kama kuna vumbi. Ndani kulikuwa na joto, akaelekea dirishani kulifungua.

"Shangazi, zunguka," binti yangu akasema. "Hapo njo pahali pa Mama."

Dada alitazama chini. Aliona lile duara la chaki, na nadhani aliona pia jinsi saruji inayolizunguka ilivyokuwa imefutika vumbi kwa nyayo za watu wanaopita kando. Akashika nguo yake, akazunguka, akafungua dirisha kwa kunyoosha mkono. Kisha akaja kuketi kwenye fotei, akavua viatu, akaomba maji. Alipokwisha kunywa aliniuliza, bila ukali wowote, kiti chenyewe kiko wapi.

Nilianza kumwambia kwamba watu wa kwao mke wangu walikichukua. Ni maneno machache tu, nilikuwa nimeyasema kwa watu wengi bila taabu. Nilifika kwenye neno kiti na sauti haikutoka. Nikajaribu tena. Nililia mbele ya watoto wangu, mbele ya dada yangu, nimesimama na kikombe chake kitupu mkononi, na iliniuma kila mahali kwa pamoja. Hakuna aliyeniambia nyamaza.

Dada alingoja mpaka nilipokaa. Halafu akamwambia binti yangu airudishe mifuko chumbani, na apite upande wa meza, si wa dirishani.