Mawe ya Mtoni kwenye Tanuri la Mdogo Wangu

Niseme ukweli mapema, msije mkanidhania mtu mwema. Mdogo wangu aliporudi kutoka Kibondo na kutangaza kwamba anajenga tanuri lake la uhunzi hapa nyumbani, roho iliniuma. Nilimpa mkono, nikamwambia karibu sana, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Kwetu Titye uhunzi ni kazi ya ukoo, na mimi ndiye niliyebaki nao. Nilivuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi kabla sijaota ndevu. Nusu ya majembe ya vijiji vya jirani yamepita mikononi mwangu. Baba, macho yake yalipoharibiwa na moto na vidole vyake kukakamaa, aliniachia kila kitu isipokuwa fuawe, kile chuma cha kufulia vyuma vingine juu yake. Fuawe yetu ni kipande cha reli, kirefu kama mkono, alichokileta babu kutoka Kigoma akiwa amekibeba begani. Kila asubuhi nilikwenda kukiomba chumbani kwa baba, na kila jioni nilikirudisha. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na bado naazima.

Atakayepewa ile reli ndiye mhunzi wa nyumba yetu. Asiyepewa ni fundi tu, kama mafundi wengine waliojaa mjini Kasulu. Baba hakuwahi kutamka ni nani. Sikuwa na wasiwasi kwa sababu mkubwa ni mimi, mpaka huyu bwana aliporudi na vitu vyake.

Alikuja na rimu ya lori, bomba la chuma, betri, sola na feni ndogo iliyotolewa kwenye gari bovu. Kibondo alijifunza kuchomelea, na mengine, alisema, aliyaona kwenye simu. Bodaboda iliyoleta mzigo ilikuwa imeandikwa nyuma "Wenye wivu wajinyonge." Niliyasoma yale maneno nikaona kama yameandikwa kwa ajili yangu, asubuhi ile ile.

Kilichonichoma zaidi ni baba. Aliwekewa kiti pale uwanjani, akaomba feni iwashwe, akaweka kiganja mbele ya ule upepo, akacheka kwa sauti.

"Sasa hii haichoki?" aliuliza.

"Haichoki, baba. Jua likiwepo, inapuliza tu."

"Ego, ndiyo hivyo! Mivukuto imekwisha kazi yake."

Miaka yote niliyovuta mivukuto sikumbuki kumsikia akicheka hivyo. Mwalimu mmoja wa kutoka Bukoba, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja kupiga picha tanuri likijengwa. Jembe lake bovu lilikuwa kwangu siku ya nne, na hata hakuliulizia. Nikajisemea, haya, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Lakini kidonda chenyewe sikukiona. Mdogo wangu alichukua udongo wa kichuguu, akauchekecha, akauchanganya na mchanga na majivu, akausiliba ndani ya rimu polepole, akauacha kivulini ukauke bila haraka. Kila jioni nilipita pale nikijifanya natafuta mbuzi, nikiinama kuchungulia ufa. Hakuna ufa. Bomba la upepo alilipitisha chini, mahali pake kabisa. Ningelijenga mimi lisingekuwa zuri hivyo, na hilo ndilo lililoninyima raha ya chakula.

Halafu akakosea. Alitaka kuzungushia rimu ukuta mfupi wa kuzuia mkaa usimwagike, na udongo ulikuwa umemwishia. Akaenda mtoni, akarudi na gunia la mawe. Nilikuwepo alipolishusha. Lilikuwa bado linachuruzika maji.

Jiwe la mtoni haliwekwi kwenye moto. Limekaa majini miaka na miaka, maji yameingia ndani, na likipata joto la ghafla linapasuka na kurusha vipande. Baba alinifundisha hayo siku figa la jikoni lilipopasuka na kumwaga sufuria nzima ya maharage. Mdogo wangu wakati huo alikuwa shule, na baadaye akawa Kibondo. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Mazuri, eh, braza?" alisema, akinishikisha moja. "Laini kama yai."

"Mazuri," nikasema.

Kesho yake, tukipalilia maharage, nilimsimulia mke wangu, nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Ukamwambia?"

"Atajua mwenyewe."

"Atajuaje? Mpaka apoteze jicho? Baba watoto, nenda kamwambie leo."

Nilimwambia nitakwenda. Sikwenda. Moyoni nilikuwa nimejipangia kwamba litapasuka jiwe moja tu, tanuri liharibike, watu wacheke, feni irudi Kibondo. Kwamba vipande vya jiwe vinaruka na kumpata mtu, hilo nililisukuma pembeni kila lilipokuja.

Ikafika siku ya kuwasha. Katika nyumba yetu tanuri jipya haliwashwi kwa kiberiti. Moto unatolewa kwenye tanuri la mkubwa, na mzee wa nyumba anakaa karibu kuliko wote, kwa sababu chuma cha kwanza kinaingizwa na mkono wake. Kwa hiyo ni mimi, si mwingine, niliyebeba makaa ya moto kwenye kigae kutoka kwangu, hatua kama mia mbili, nikiyapepea yasizimike. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani.

"Mwakeye," niliwaamkia, nao wakaitikia kwa furaha, kama watu walioalikwa harusini.

Baba alikuwa ameshakalia kigoda chake mbele ya tanuri. Aliposikia sauti yangu aligeuza uso.

"Ameniambia amejengea mawe," alisema. "Mimi sioni. Wewe umeyaangalia?"

Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa kando, anafunga waya wa betri.

"Nimeyaangalia, baba," nikasema.

Baba akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nikamwaga makaa yangu juu ya mkaa wake. Feni ikawashwa. Mivukuto hupandisha moto taratibu, lakini ile feni iliupandisha mara moja, na watu wakapiga vigelegele. Baba, kwa kuwa rangi ya moto haioni tena, hupima joto kwa shavu. Akainama, akasogeza uso karibu na ukuta wa mawe.

Nikasikia mlio mdogo, tik. Kisha mwingine.

Nilimvuta koti kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili chali. Jiwe likapasuka kwa mshindo, na kipande kimoja kikaingia kwenye mkono wangu, juu kidogo ya kiwiko. Mdogo wangu alirukia betri, akang'oa waya, halafu akavua shati lake na kunifunga mkono.

"Braza, umemwokoa baba," alikuwa akirudia. "Mungu akubariki, umemwokoa baba."

Majirani nao wakalipokea hilo neno. Kaka mkubwa ana masikio. Kaka mkubwa ndiye mhunzi wa kweli, haya mambo ya simu ni ya watoto. Na nisiongope: damu ilikuwa inanitoka, na zile sifa zilikuwa zinanipendeza. Lakini baba alijipangusa vumbi, akaomba arudishwe ndani.

Siku ya tatu aliniita chumbani. Reli ilikuwa chini, karibu na kitanda chake.

"Nilikuuliza habari za mawe," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ukasema umeyaangalia."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umeyaangalia kweli."

Nje mdogo wangu alikuwa anabomoa ule ukuta, nasikia mawe yakitupwa moja moja.

"Reli chukua wewe," baba alisema. "Nilikuwa nimepanga kumpa mdogo wako. Nikimpa, iko siku utamuua."

Nikaichukua. Kwa kuwa mkono wangu ulikuwa bado umefungwa, mdogo wangu alikuja kunisaidia kuibeba. Alishika upande mzito, na njia nzima alikuwa ananipa hongera.