Hendeli ya Lori la Kijiji

Jamani, leo nimeikalia hendeli ya kuwashia lori, baba mkwe amesimama mbele yangu ananifokea!

Yeye ndiye dereva wa kijiji chetu cha ujamaa.
Asubuhi alikuja kutaka boha, pombe yetu ya miwa.
Kibali changu kinasema niuze kuanzia saa kumi jioni.
Nikampa. Ninyi mngemnyima mkwe?

Akamaliza vibuyu vitatu.

Mara nawaona akina mama wanapanda nyuma na mboga zao, safari ya Mombo.
Kona zile za kushuka mlimani mnazijua.
Nikaichukua hendeli.

"Lete hapa, mwanamke wee!"

"Shikamoo baba. Siitoi."

"Nakushtaki kwa katibu kata. Unauza pombe saa za kazi!"

Kweli niliuza. Kibali kingekwenda na maji.

"Twende wote, baba," nikamwambia. "Ila kwa miguu."