Sungura Aliyetolewa Kizazi

Majina ya wote waliohusika ninayo kichwani, hata jina la mbwa wa jirani ninalo. Sitayaandika. Waliobaki hai wana heshima zao, na aibu hii ni yangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya mpakani, tukiwa kijijini Rugera. Mume wangu alikwisha fariki. Nilikaa na mwanangu wa pekee na mke wake, binti wa watu wa Nyakakika, kwenye kibanja kimoja, migomba na mibuni mpaka mlangoni. Mimba ya kwanza ya yule binti iliharibika hospitalini. Mtoto alikufa, na ili mama apone wakamtoa kizazi. Alirudi amejishika tumbo. Siku ya nne nikamwambia, "Wewe, maji yameisha." Akachukua ndoo akashuka bondeni. Huyo sikumwita "mwanangu". Nilimwita "wewe" tu, kila siku.

Tangu hapo moyoni nilikuwa na shauri moja: mwanangu apate mke wa kuzaa, huyu arudi kwao. Mwanangu mwenyewe sikumwambia. Nilijua atakataa, nikataka nimletee jambo likiwa limeiva.

Sasa, kikundi chetu cha akina mama wa kanisani kilikuwa kimepewa sungura wa kufuga. Mimi nilipata jike jeupe, kubwa, kali. Ukitia mkono bandani linaunguruma, sungura, jamani, anaunguruma, kisha linauma. Lilizaa mara moja likawala watoto wake. Baada ya hapo likawa linanyofoa manyoya ya kifua chake na kujenga kiota, na tumboni hamna kitu. Mwisho likaanza kutoka damu. Nikanoa kisu.

Daktari wa mifugo aliyekuwa anatufundisha akanizuia. "Mama, ana uvimbe kwenye kizazi. Nikikitoa atapona, na wenzako watajifunza."

"Kisha atazaa na nini?"

"Hatazaa tena. Ila hata hasira zitapungua."

Mama mmoja akadakia, "Daktari, ukimaliza hapo, pitia kwa mama mkwe wangu!" Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mkamwana wangu alikuwa nyuma yetu na kapu la majani. Hakucheka, na mimi niliona kwamba hacheki.

Daktari alimchoma sungura sindano ya usingizi, akamnyoa tumbo, akafanya kazi yake pale mezani, akashona. Nikambeba kwenye kapu hadi nyumbani. Nilikuwa namrudisha bandani, yule binti akasema, naye alikuwa haniambii neno bila kuulizwa:

"Mama, usimlaze hapo. Tumbo lililoshonwa, baridi hulitafuna. Wala usimwinue ovyo, nyuzi zinavuta."

"Umejuaje?"

Niliuliza kweli, kama mpumbavu. Alinitazama, akaenda kuleta majani makavu ya migomba. Akamtandikia jikoni mbali kidogo na mafiga, akamdondoshea maji mdomoni, akamlisha majani ya maboga moja moja mpaka akaanza kutafuna mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikitazama, nikakumbuka ile ndoo.

Sungura hakubadilika mara moja. Mwezi mzima aliendelea kuuma. Kisha siku moja nilikuwa nimekaa namenya ndizi, akaja akazunguka miguu yangu mara mbili, akaingiza kichwa chini ya kiganja changu, akabaki pale. Nikamkuna paji la uso. Meno yake yakawa yanasagana polepole, taratibu, na daktari aliniambia baadaye kwamba hivyo ndivyo sungura anavyoonyesha raha. Akanilamba kifundo cha mkono. Tangu siku ile akawa ananifuata mpaka kwenye mibuni. Nikikaa, anajibwaga ubavu juu ya miguu yangu kama aliyechoka kulima. Nilimpenda, siwezi kudanganya. Nilimchagulia majani. Nilimbeba kwenye kanga kama mjukuu.

Wakati huohuo nilimtuma wifi yangu, dada wa marehemu, atafute binti. Akaja mchana mmoja, uso umemng'aa.

"Nimempata, huko Nyakasimbi. Mama yake kazaa tisa, wote wazima."

"Na kanisani watasemaje?"

"Kanisa ndilo litakalorithi kibanja chako?"

Nikaita, "Wewe! Leta kahawa."

Kwetu mgeni wa maneno mazito hupewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Jambo likizungumzwa bila kahawa ni kama halikuzungumzwa. Mkamwana wangu akaja, akapiga magoti, akakishika kikapu kwa mikono miwili. Alijua wifi amefuata nini. Nyumba ya udongo haifichi maneno.

Wifi akamtazama sungura aliyelala miguuni pangu. "Hili linene nalo linazaa?"

"Halizai. Lilitolewa kizazi."

"Na bado hujalichinja?"

"Nimchinje huyu?" nikasema, tena kwa sauti ya kujivuna. "Huyu ni mtu wa nyumbani. Kwani kuzaa ndiyo nini?"

Neno likishatoka halirudi. Wifi alichukua punje zake akaanza kutafuna akitazama nje. Yule binti bado alikuwa amepiga magoti, kikapu kimetulia mikononi kabisa. Akasema, "Mama, kahawa." Nikachukua. Kesho yake asubuhi hakuwepo.

"Mama, umemwambia nini?" mwanangu aliniuliza.

"Sijamwambia kitu."

Tazama ulimi huo! Kwa desturi mke aliyekimbia hufuatwa na wazee wa kiume, lakini wazee wangeuliza sababu. Nikajitwika kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikaenda Nyakakika peke yangu, mwanamke mzima, watu wakinishangaa njiani.

Baba yake alinikaribisha vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Akauliza, "Mkwe, binti yetu amekosa nini?"

"Nimekuja tu kuwasalimia," nikajibu.

Akaja mkamwana wangu na kikapu cha kahawa cha kwao. Akapiga magoti vilevile. "Tafuna, mama." Halafu, kwa sauti ya chini, "Yule sungura usimpe majani yenye umande. Tumbo litamjaa."

Punje ilikuwa mdomoni. Nikasema mbele ya baba yake, mama yake na kaka zake: "Hajakosa. Nilikuwa namtafutia mwanangu mke mwingine, na kahawa ya maneno hayo ameileta huyu, kwa mikono yake, kwa sababu nilimwita."

Hakuna aliyenitukana. Baba yake alikisukuma kibuyu kuelekea kwangu, hakijafunguliwa. "Rudi nacho. Aje mwenye mke."

Mwanangu alikwenda. Alikaa huko siku tatu. Mke wake alikubali kurudi kwake, lakini si kwangu, wakapata shamba upande wa Kyerwa. Huko wakalea mtoto wa marehemu dada wa mkamwana wangu. Kibanja changu kikabaki na mimi na sungura. Aliishi miaka mingi kuliko sungura wa wenzangu wote, na kila jioni alinilamba mkono kama mkono wa mtu mwema. Kuna siku niliuvuta.

Krismasi huja wote kunisalimia. Mkamwana wangu ndiye anayeingia jikoni, ndiye anayejua kikapu kilipo. Hupiga magoti na kusema, "Shikamoo, mama."

Nasema, "Marahaba, mwanangu."

Hukifungua kile kikapu kidogo cha kahawa, akakiweka mbele yangu, akarudi jikoni.