Mkono wa Yahya Wakataa Kamba

KILWA KIVINJE. Jua la asubuhi limefika katikati ya ua, na Bi Kibibi binti Hasani ameketi chini, kando ya kitanda kisicho na kitu ila mbao zake nne na matendegu manne. Kamba ya usumba imelala kwenye karai la maji tangu jana. Imelainika, inanuka makumbi na tope la pwani. Anaipitisha juu ya ubao wa ubavuni, anaizungusha chini, kisha anautupa mwisho wake ng'ambo.

Ng'ambo ameketi mumewe, Yahya, juu ya benchi, mgongo umeegemea ukuta. Bi Kibibi anamwekea kamba katika kiganja cha kushoto. Vidole vinajifunga. Kamba inavutwa, inakaza, inalia kidogo.

"Ahsante, bwana," anasema mkewe.

Hajibiwi. Huu ni mwaka wa tatu hajibiwi.

Kazi yake Bi Kibibi ni kuwamba vitanda. Zamani mume alichonga mbao, mke akawamba, na watu wengi wa Kivinje walizaliwa juu ya kamba zao, na wengine wakatolewa juu yake kwenda makaburini. Siku moja Yahya aliinama kuokota randa, hakuinuka. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi ukafa nao. Tangu hapo hutazama mbele, kama mtu anayetazama mvua ya mbali ikija na haifiki.

Sasa mbao hununuliwa kwa fundi mwingine. Kitanda huuzwa shilingi kumi na mbili, nusu yake humrudia yule fundi. Mwezi mwema huwa na vitanda vitatu.

"Njaa si neno," anasema Bi Kibibi. "Neno ni hili: yumo, au hayumo?"

Swali hilo alilipeleka kwanza hospitali, Lindi. Daktari alimwambia mawazo yamo kichwani, na mshipa wa damu umepasuka hukohuko. Akamwonyesha kwamba mkono wa Yahya hushika chochote unachowekewa, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole cha mama.

"Nikamwambia, lakini daktari, huyu hunivutia kamba. Akasema mkono una mazoea yake, mama, hata mwenye mkono asipokuwepo."

Akalipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu alimpokea kwa upole. Akili ni nuru, alisema, Mwenyezi Mungu ameiweka moyoni; ikizimwa, kalamu huinuliwa, mja haandikiwi deni la swala. "Usijitese, mwanangu, kumtawadhisha kila kipindi."

Bi Kibibi aliitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, akachota maji akamtawadhisha.

Kisha akapita Mzungu mmoja, mtu wa chuo kikuu cha Ulaya, aliyekuwa akitembea pwani hii kuuliza watu habari za kuwaza na kufikiri na kukumbuka. Mkalimani wake alikuwa Gregori, kijana wa Masasi.

"Shikamoo, mama. Anauliza, mawazo hukaa wapi?"

"Marahaba. Mwulize yeye kwanza, huko kwao wanasemaje?"

Gregori akauliza, akasikiliza sana, akajikuna. "Anasema mama, wa udaktari wanasema ubongoni. Wa filosofia wanabishana tangu enzi za kale, hawajainuka mkekani. Na sasa wamezuka wa hesabu, wameunda mashine kubwa kama chumba, wanabishana kama inafikiri."

Bi Kibibi alicheka hata akajiziba mdomo kwa kanga. "Mashine inaulizwa kama inafikiri! Na huyu wangu, hakuna anayemwuliza. Haya, mwambie anijibu: mume wangu yumo?"

Mzungu alichuchumaa mbele ya Yahya, akamtazama machoni.

"Anasema hajui," Gregori akafasiri.

"Nikamshukuru," anasimulia Bi Kibibi. "Hilo ndilo jibu nililoweza kwenda nalo kulala."

Mwezi wa Rajabu akaja Bakari, kaka yake Yahya, mkulima wa Tingi. Si mtu mbaya. Alikuja na muhogo na mbaazi, akaketi benchi moja na mdogo wake, magoti yao yakigusana, akasema juu ya kichwa chake.

"Shemeji, umekonda. Huyu sasa ni mtungi uliomwagika maji. Nipe mimi mtungi wangu, nina nafasi ya kuuweka na watoto wa kuufutia vumbi. Wewe u mzima, usijizike."

Wazee wa ukoo walikuwa wamekubali. Ilibaki njia ya kumfikishia Tingi, maana kukaa kwenye gari hawezi. Bakari akaagiza kitanda chepesi, chenye miti miwili ya kubebea, kiwe tayari kabla Ramadhani haijaandama.

"Nilikubali," anasema Bi Kibibi, akiikunja kamba mkononi. "Mtu akichoka hukubali."

Mbao zikaletwa. Akaroweka kamba, akapitisha, akautupa mwisho ng'ambo, akamwekea mumewe kiganjani kama siku zote.

Vidole vikafunguka. Kamba ikaanguka.

Akaiokota, akairudisha. Ikaanguka tena. Akadhani homa, akamshika paji la uso, hakuna homa. Kesho yake, vilevile.

Siku ya tatu jirani yake, Siti, akaja kuhimiza kitanda cha binti yake anayeolewa. "Wewe Kibibi, bwana harusi alale chini kwa sababu mumeo kanuna?" alitania. Bi Kibibi akakiegemeza ukutani kitanda cha Tingi, akakivuta cha harusi. Yahya akashika kamba, akavuta hata ubao ukalia.

"Nikasimama," asema Bi Kibibi. "Nikarudi kwenye kile cha Bakari. Mkono ukafunguka. Nikaja cha harusi, ukavuta. Siti akakaa chini mwenyewe, mdomo wazi, na Siti si mtu wa kunyamaza."

Akatuma mtu Tingi.

Bakari alikuja na uso wa mtu aliyeitwa msibani. Hakuamini, alisema mdogo wake amechoka tu, akaitwaa kamba mwenyewe, akaiweka katika kiganja, akavikunja vidole kimoja kimoja. Vikafunguka kimoja kimoja.

"Yahya," akaita. Akairudisha. "Yahya, hiki ni cha kukupeleka kwangu. Hutaki?"

Kamba ikaanguka miguuni pake.

Bakari hakuiokota. Aliketi kwenye mchanga wa ua, akatazama juu kwa mdogo wake, na waliokuwepo wanasema sauti yake haikuwa sauti ya mkubwa.

"Kumbe siku zote zile nilikuwa nasema mbele yako?"

Alilala usiku mmoja, akaondoka peke yake kwenda kuwaambia wazee wa ukoo kwamba Yahya haendi popote.

Kitanda cha Tingi kingali ukutani, hakijamalizika kuwambwa. Jua likipita kamba zake chache, kivuli chake humwangukia Yahya kifuani kama wavu, naye hukaa humo, haijulikani yuko mwaka gani.

Daktari, mwalimu wa chuo na yule mtu wa Ulaya hawajasikia habari hizi bado. Bi Kibibi hana haraka ya kuwaambia.

"Zamani akishika, nilisema ni mazoea. Sasa akishika najua ameshika, kwa sababu angeweza kuachia," anasema. "Nina maswali ya miaka mitatu. Nitayauliza yote, inshallah. Nitaanza na madogo, nisimchoshe."

Anasogea ng'ambo, anamwekea kamba kiganjani.

"Bwana, nikupashie uji?"

Kamba inaanguka.

"Ona! Hata uji wangu haupendi, kumbe miaka yote hii namnywesha kwa nguvu." Anacheka, na machozi yanamtoka, anayaacha yatoke.

Msikitini adhana ya adhuhuri inaanza. Bi Kibibi anaiitikia neno kwa neno hata mwisho. Anaiokota kamba, anaifuta mchanga, anairudisha kiganjani, anarudi mahali pake, na safari hii anauliza polepole, akiogopa jibu.

"Tutawadhe?"

Vidole vinajifunga. Kamba inatanda ua mzima, kutoka kwake hadi kwa mumewe, na inakaza.